Kisomo cha Ijumaa

Busan, Korea Kusini
12 Januari 2026

Kwa dada yangu Mwanamkasi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mgongo wako vipi, na mwani wa Mlingotini umestawi? Baba je, kikohozi kimepungua? Mimi mwili hauna neno. Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa simu yako haitoki mikononi mwa Baba, na haya si ya kusikia yeye.

Profesa anayetufundisha kilimo cha mwani ni mzee wa umri wa Baba. Huku kutwa kazini watu hawasemi. Kazi ikisha wote huenda kula, na hapo ndipo undugu unapofanyika, kwa pombe. Mkubwa humimina, mdogo hupokea kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni kunywa. Dada, adabu ile ndiyo iliyoniponza. Angekuwa mlevi anayenivuta shati ningemsukuma. Lakini mzee wa mvi kaniinulia chupa kwa upole! Mikono yangu ilinyooka yenyewe, kama Bimdogo aliyetulea alivyotufunza kupokea cha mkubwa. Farhan, mwenzetu wa Indonesia, Mwislamu kama sisi, alitabasamu akaomba maji, na hakuna aliyekasirika. Hilo linanila moyo mpaka leo.

Siku ya kwanza nilitapika nikatubu. Ya pili nikatubu tena. Siku hizi hanimiminii mtu. Nanunua mwenyewe duka la chini ya hosteli, nakunywa chumbani peke yangu.

Umeniambia Baba ameshatangaza msikitini Kaole kwamba mwezi ujao narudi likizo, nisalishe tarawehe ya Ramadhani badala yake kwa kuwa kifua chake hakiwezi tena. Nilisoma ujumbe wako nikakaa sakafuni. Kurani imenitoka, dada. Ile niliyoihifadhi yote mbele ya fimbo yake, sasa nikifumba macho napata aya mbili tatu, kisha giza. Kila Ijumaa anaponipigia nimsomee kabla hajaenda msikitini, nawe ukirekodi ili watoto wa chuo chake cha Kurani wasikie, mimi huwa nachungulia msahafu.

Ijumaa iliyopita nilimsomea Yasini nimelewa. Nilishika kitanda nisianguke. Ulimi ulikuwa mzito, sauti inatetemeka, nikasita mara tatu. Ulimsikia Baba alivyolia. Alisema sasa nasoma kwa hofu ya Mungu, kwamba yeye miaka yake yote hajafika hapo. Haikuwa hofu, dada. Ilikuwa pombe.

Ifute rekodi hiyo, nakushika miguu, watoto wasifundishwe kwayo. Tarawehe asalishe Alawi, yule mwanafunzi mkubwa wa Baba. Sababu mpe utakayoweza, mimi sina ya kusema wala sijui nitatokaje humu.

Nisalimie Bimdogo, majirani, na watoto wa chuoni. Baba usimpe salamu zangu. Akizipata atapiga simu, na ataniomba nimsomee.

Nduguyo,
Najim