Lori la Tatu la Mchanga

Omogaka wangu, mzee wangu,

Tumemwaga slebu ya kanisa, ile sakafu ya konkriti! Yote, mita kumi na tano kwa kumi, bila kusimama katikati na kuacha kiungo hata kimoja, na jua halijazama! Na makadirio yalikuwa yangu mimi, Kwamboka, yule msichana uliyemfundisha ujenzi miaka minne huku watu wakikuuliza kama umekosa wavulana. Leo ni siku ya tatu na mikono bado imejaa malengelenge, kwa hivyo vumilia mwandiko.

Mengi yamebadilika tangu tukuzike. Ndizi zako za nyuma ya jikoni ziliangushwa na upepo, na mke wako, Mama Moraa, amepanda nyingine. Kofia yako ya kazi naivaa mimi, ingawa inaniziba macho. Lakini ngoja nikwambie ya slebu kwanza, la sivyo nitalia, na sitaki kulia leo.

Ulipoondoka, kamati ya ujenzi ilitaka fundi kutoka mjini Kisii. Mama Moraa akasimama kanisani akasema kazi uliianza wewe na itamalizwa na mtu wako. Wakakubali shingo upande: slebu ikiharibika, niweke mwiko chini, nirudi kuchuma majani chai.

Mwenyekiti wa kamati unamjua, mwalimu wa hesabu mstaafu, haongei bila kipande cha chaki. Akapiga hesabu: urefu mara upana mara unene wa sentimita kumi na tano, mita za ujazo ishirini na mbili na nusu. Akaongeza nusu yake, kwa kuwa simiti, mchanga na kokoto vikipata maji hushikana na kupungua. Akagawa kwa saba, kwa ule mchanganyiko wetu wa simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mchanga ukatoka karibu mita kumi. Lori hubeba mita tano, kwa hivyo malori mawili, kwisha maneno. Na hesabu ilikuwa sawa, Omogaka. Hata mimi sikuona kosa.

Ila mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Nikautazama ule mchanga wa malori mawili uliokwisha kuletwa, lundo kubwa la kujivunia, nikakusikia kabisa: "Mchanga wa mvua ni mwongo, Kwamboka. Muulize kwa ndoo." Nikaomba lori la tatu. Wueh! Mmoja wa kamati akauliza kama lingine ni la kujengea kwangu.

Na je, mchanga ungeisha katikati ya kazi? Mchanga unatoka huko upande wa ziwa, safari ya nusu siku. Mvua ilikuwa imetusukuma mpaka Ijumaa, na Ijumaa jua likizama ni Sabato, koleo haliguswi. Tungeacha slebu nusu hadi Jumapili, na konkriti mpya haishikani vizuri na iliyokauka. Ufa wangu ungekaa katikati ya kanisa, na kila mtu angejua ni wa nani.

Basi nikaleta ndoo. Nikaijaza mchanga ule mpaka mdomoni, nikaumwaga kando, nikatia maji nusu ndoo, nikaurudisha mchanga wote. Ukashuka! Moja ya tano nzima, mbele ya macho yao! Unyevu huuvimbisha mchanga, lakini ukizama majini unasema ukweli. Nikamwomba Mwalimu aondoe moja ya tano kwenye malori yake mawili. Akapata mita nane badala ya kumi. Kisha akatoa simu, akaliita lori mwenyewe, na nikampenda mzee yule hapo hapo.

Ijumaa tulianza alfajiri, akina mama wakibeba maji, vijana wakipokezana karai, nyimbo haziishi. Saa nane na nusu mchanga wa malori mawili ukaisha kabisa. Upande wa mimbari bado ulikuwa mtupu! Nikalitazama lundo la tatu nikacheka kama mwendawazimu. Saa kumi na moja na robo tukalainisha kipande cha mwisho, na Mwalimu akanishika mkono wangu wenye simiti, akaniita Fundi. Mbele ya watu! Fundi Kwamboka! Nikatoa simu nikupigie. Kweli, Omogaka, nilikuwa nimeshalitafuta jina lako.

Jana Mama Moraa akaniita jikoni. Amesema aliyejua kukadiria kanisa ndiye atakayejenga kaburi lako, maana udongo sasa umetulia. Leo nimepima. Mita mbili na nusu kwa moja na robo, unene sentimita kumi. Nimepiga hesabu hiyo mara tatu nikitafuta kosa, na kila mara jibu ni lile lile: mifuko miwili ya simiti. Mtu mkubwa kama wewe, mifuko miwili.

Lala salama, mwalimu wangu. Alhamisi nakuja. Nitalilainisha kwa mkono wangu mwenyewe, taratibu, na nakuahidi siku hiyo sitakuwa na haraka hata kidogo.

Fundi Kwamboka