Wimbo Ambao Bibi Hakuurudia

Jumamosi, Turwa

Bado namsikia Bibi Bhoke. Leo nilipeleka wageni Kemambo kwenye sherehe ya mavuno ya ukoo wetu, nikiwa mkalimani wao kama kawaida. Nyuzi za litungu zilipoanza kulia, bibi akaimba akiwaita marehemu wetu kwa majina, mmoja mmoja. Mwaka huu ameongeza jina la mama. Hakuwa ameniambia. Niliinamisha kichwa.

Wimbo ulipoisha, mgeni mmoja, mwanamke wa makamo, akasema simu yake haikurekodi. Aliomba uimbwe tena.

Nilikasirika. Halafu nikaogopa, maana akiudhika na kunisema vibaya huko kwao, nani atanitafuta tena?

“Anasemaje?” bibi akauliza.

“Anaomba uimbe tena, bibi. Apige video.”

“Mwambie leo siwaiti tena. Wameshakuja.”

Nikatafsiri hivyo hivyo, bila kulainisha. Mgeni akaitia simu kwenye begi, akasogea karibu yangu.

“Samahani,” akasema. “Walikuwa akina nani?”

Miaka yote hii hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza hivyo.

Nikaanza na mama.