Kobe Wako Hakutoroka

Mwanangu Zuhura,

Juzi ulipopiga simu nilikuambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Nilikata mwenyewe, nikakaa jikoni na simu mapajani mpaka wali ukaungua, na baba yako akala ukoko bila kuuliza, maana ananijua.

Ulisema mwanao ameokota kobe njiani akitoka shule huko Nachingwea, na mumeo hataki kumwona ndani. Ukaniuliza kwa sauti ya furaha: "Mama, nataka nimjengee banda nje kama lile ulilomjengea Sanduku. Lilikuwa na matofali mangapi?" Hapo ndipo nilipokata.

Nakumbuka siku niliyoolewa na baba yako nikaingia nyumba hii ya Kivinje na cherehani yangu na mikeka miwili. Ulikuwa na miaka tisa. Ulinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, ukarudi chumbani kwako. Nilipokufuata nikakukuta umelala kifudifudi sakafuni, unamlisha mtu papai chini ya kitanda. Mtu mwenyewe kobe. Marehemu mama yako alimkuta shambani Kinjumbi akipalilia mikorosho, akakuletea, na wewe ukamwita Sanduku.

Wiki ya kwanza nilivumilia. Alikuwa akikwaruza sementi tangu alfajiri, nami naswali moyo hauko kwenye sala. Siku alipojisaidia kwenye mkeka wangu wa kuswalia, nilimbeba mpaka uani. Nikasema nyumba ni ya watu. Ulisimama mlangoni, hukulia, ukasema tu, "Mama alisema asilale nje, mama mdogo. Nje kuna siafu." Nikakujibu kwamba siafu hawali gamba. Baba yako naye alijaribu, "Mwachie mtoto kobe wake," nikamnunia siku mbili, akanyamaza.

Sasa nitasema nilichomficha hata yeye. Najisi ilikuwa sababu nzuri ya kuwaambia watu. Kilichonichoma ni kwamba kila kitu mle ndani kilikuwa cha mama yako, hata kobe alikuwa na amri zake, na mimi nilikuwa mgeni kwenye nyumba yangu. Marehemu nisingeweza kumtoa. Kobe niliweza.

Mwanzoni alistarehe uani, nisimsingizie. Alitembea anavyotaka, akaota jua, mpaka akamaliza mchicha wangu wote. Ndipo nikamjengea lile banda: matofali pande nne, bati juu, na jiwe juu ya bati. Hata kugeuka aligeuka kwa shida. Ukitoka shule ulikuwa unamtoa kidogo, mimi nakuhimiza umrudishe.

Siafu walikuja asubuhi, baada ya mvua ya masika, wewe uko shule na baba yako yuko Kinjumbi. Nilimwaga majivu mlangoni. Nikawafungulia kuku wakatawanyika. Kobe nilimkumbuka, Zuhura, usifikiri nilimsahau. Nilitazama lile bati, nikaona siafu wamelijaa, nikajiambia ana gamba, atajifungia. Nilipokuja kufunua adhuhuri, shingo na miguu yote ilikuwa nje, yeye ambaye mbele yangu hakuwahi kutoa hata pua.

Nilimzika nyuma ya choo, haraka haraka. Kisha nikaangusha tofali moja kwa mguu ili ionekane ametoka.

Uliporudi nilisema ametoroka. Nilijiandaa kwa kilio chako. Wewe ukaliangalia lile tofali, ukashika kiuno, ukacheka: "Amelisukuma mwenyewe? Kumbe ana nguvu!" Ukaamua amerudi Kinjumbi kwa ndugu zake. Halafu ukaona macho yangu mekundu, ukadhani nami namlilia Sanduku wako, ukanishika mkono na kunifuta uso kwa upindo wa kanga yangu. "Usilie, mama," ulisema. "Atakuwa ameshafika." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mama bila "mdogo". Nikaitika. Nimeliitikia jina hilo miaka yote hii nikijua nimelipataje, na aibu yake haijapungua.

Najua unamsimulia mwanao habari za Sanduku mwenye nguvu, nimekusikia mara nyingi. Ningeweza kufa na siri yangu, na labda ingekuwa heri kwako. Lakini siwezi kukuacha uweke kobe mwingine kwenye banda kama lile.

Kwa hiyo usijenge. Mchana mwacheni uani atembee, mmwekee kivuli na uzio mpana. Jioni mwingizeni ndani, kona moja inamtosha. Akichafua ni maji na kitambaa tu, wala si zaidi, na mumeo akinuna mwache anune, atachoka. Siafu wakija, mtoeni yeye kwanza, kuku baadaye.

Usinijibu kwamba si kitu. Ulikuwa mtoto uliyefiwa, ukaniomba jambo moja, nikakukatalia, kisha nikakuacha unifute machozi kwa kosa langu mwenyewe. Nisamehe ukiweza. Na ukishindwa sitakulaumu.

Simu nimeiacha imejaa chaji. Ukipiga, sitasema neno mpaka nisikie utaniitaje.

Mama yako mdogo