Chungu cha Bibi Kimepata Mikono

Hwagae, mwezi wa Mei

Kwako Kaka Gyeong-tae,

Sisi hatujambo, na tunaomba Busan ikutunze. Mvua imekuwa ya kiasi, na machipukizi ya chai mlimani ni madogo kama ulimi wa shomoro.

Mikono ya Bibi haiwezi tena moto. Kwa kuwa wewe uliikataa kazi yake ya kukaanga chai, Baba alikuwa ameamua kuuza majani mabichi kiwandani na kuachana na kukaanga. Nikamwomba anijaribu mimi. Nilinawa vizuri kwa sabuni, kama tunavyofundishwa shuleni, nikaanza kuyageuza majani kwa mikono ndani ya chungu cha chuma. Bibi akanusa.

"Mjukuu wangu, hii ni chai au bafu?"

Kumbe chai hunyonya kila harufu! Baba alicheka mpaka akakohoa. "Tutawauzia wanaotaka kuogesha matumbo!"

Kesho yake nilinawa maji matupu. Nilikaanga, nikayasugua majani juu ya mkeka, nikarudia hadi viganja vikawaka moto. Baba alikunywa, kisha akanisogezea kikombe.

"Ongeza."

Jioni alimpigia simu mnunuzi wa kiwanda kumwambia asije.

Kaka, Baba hakutaji tena kwa hasira. Jana aliuliza kama huko Busan unapata chai nzuri. Bibi akamjibu, "Muulize mwenyewe, kwani huna mdomo?"

Basi usiogope kuja nyumbani. Hakuna atakayekusukuma kwenye chungu. Utapewa kikombe tu.

Mimi mdogo wako mwenye vidole vyekundu,
Seo-rim