Baba, Kuhusu Zile Antena za Mwanga

Baba,

Shikamoo. Hiyo ni ya adabu tu, usiifurahie.

Nakumbuka benchi lako la kutengenezea redio hapa Ntobeye. Wewe unalehemu, mimi nashika waya. Ulinifundisha kwamba kila wimbi lina antena ya urefu wake. Nilikupenda sana pale benchini.

Halafu nikasoma shuleni, kwa Kiingereza, kwamba mwanga nao ni wimbi, na wapo watu wanaotengeneza antena za dhahabu, nyembamba kuliko unywele mara nyingi mno, ziunase mwanga uwe umeme. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa naitafutia habari hiyo Kiswahili chake ili nikusimulie. Nilipokusimulia, ukawageukia wateja: "Mmemsikia profesa wangu? Anataka jua liimbe kwaya!" Wakacheka, na wewe ukacheka kuwashinda. "Haya mama, likianza kuimba uniite."

Mwezi uleule ukahamia Biharamulo kwa yule mwanamke. Ulipanda kwenye bati ukang'oa sola yetu, na Mama ndiye aliyekushikia ngazi, akidhani unaisafisha.

Mimi niliendelea kusoma, kwa kibatari. Kumbe kunasa mwanga si kazi. Kazi ni diodi, kile kilango cha kupitishia umeme upande mmoja tu: mwanga unakwenda na kurudi kwa kasi ambayo diodi zetu haziwezi kuifuata, ndiyo maana umeme unaopatikana ni kiduchu mno. Hapa hakuna wa kumweleza hilo akanielewa, isipokuwa wewe. Hilo linaniuma kuliko ile sola.

Sasa yule mwanamke amekufukuza, unaumwa kifua, unataka kurudi. Jumapili Baba mdogo alileta mtungi wa pombe ya ndizi, wazee wakakaa. Ukoo wetu unaujua: mtoto wa kwanza akinyonya mrija, mzazi amepokelewa. Akaninyooshea mrija.

"Nyonya, mwanangu. Hana pa kwenda. Tena amesema, mwambieni profesa jua limeanza kuimba."

Wazee wakacheka.

"Muache, anaona haya," mmoja akasema.

Sikuona haya. Niliulaza mrija chini, nikaingia ndani. Mtungi ukarudi ulivyokuja.

Mama hajanisemesha tangu siku hiyo. Kumbe alitaka urudi.

Hata hivyo, usije. Kifua chako ukitibie hukohuko.

Mwanao wa kwanza