Beseni Liko Palepale

Baba watoto, na nyie wanangu wawili,

Ufunguo wa jikoni uko kwa jirani. ~~Chai iko kwenye chupa.~~ Nimeghairi, chupa naondoka nayo.

Asubuhi hii dada yangu kanipeleka kupigwa picha ya mgongo. Pingili moja imevunjika, imebonyea kama kopo lililokanyagwa. Daktari anasema umri na vile vidonge vya pumu vimedhoofisha mifupa yangu, ndiyo maana kunyanyua tu beseni la mablanketi yaliyolowa kulitosha kuivunja. Siku ile nilipiga ukelele, nanyi mkaongeza sauti ya televisheni. Wiki mbili nzima mnaniita Mama Deko!

Haya, Mama Deko kafungwa mkanda wa mgongo, kapewa dawa za mifupa, kakatazwa kuinama na kunyanyua kwa miezi mitatu. Nitauguzwa kwa dada.

Ile harufu mnayoilalamikia ni mablanketi yenu. Beseni liko palepale lilipoanguka, nyuma ya bafu, mahali ambapo hamjawahi kukanyaga. Nilinyamaza kusudi. Linyanyueni. Mkunje magoti, mgongo unyooke. Na mmoja wenu akipiga ukelele, ongezeni sauti ya televisheni.

Mama Deko