Madi, Mchinjaji Aliyekataa Kuchinja

Mwaka umetimia, Madi, tangu tukuzike hapa Siyu, na mpaka leo watu hugonga mlango wakauliza, "Bwana Madi yupo?" Mkeo Bi Khairiya hujibu kuwa yupo, ametangulia kidogo.

Kisu chako tumekiweka. Ulikinoa kwa upole, huku ukisoma dua, mpaka ng'ombe wa jirani wakatubu. Hilo la kutubu nimelitia mimi nduguyo Husseini, mshona makubadhi, viatu vya ngozi, niliyekwisha kuacha kushona. Yaliyobaki ni kweli tupu.

Asubuhi ya harusi ya mwanao Rahima, mwaka wa 1954, fahali wa karamu alianguka akitetemeka, damu nyeusi ikimtoka puani. Nilikuletea kisu mbio, maana sote tulijua: akifa mwenyewe ni mzoga, akiwahiwa ni halali.

"Kaka Madi, wahi! Yungali hai!"

"Weka kisu, Husseini. Hiki ni kimeta."

Nikabisha. Ngozi yake nilikwisha kuikata kichwani mwangu, jozi kumi na nne. Ndipo ulipokunja mkono wa kanzu ukatuonyesha kovu ulilorudi nalo kutoka bara.

"Nilichuna mmoja kama huyu nina mkwaruzo mdogo tu. Kikatoka kipele cha kuwasha, kikawa kidonda cheusi kama makaa, wala hakiumi, na mkono ukavimba hadi begani. Mimi nilivushwa Amu, kisiwani Lamu, nikaponea sindano za daktari. Mwenzangu alikula nyama ile. Siku ya nne tulimzika. Na wewe mwenye uchu wa ngozi, vumbi lake likikuingia kifuani, hutamaliza hata jozi moja."

"Basi tumchinje tumtupe."

"Damu yake ikimwagika, ugonjwa utakaa ndani ya nti, humo udongoni, miaka na miaka, ukiwangoja mbuzi wa wajukuu zetu."

Bi Swafiya, mama wa bwana harusi, akapaza sauti wasikie hata wa uani: "Harusi ya mchinjaji haina nyama! Ya mvuvi nayo ikose samaki!"

Hukukasirika. "Bi Swafiya, huenda leo ukaondoka na njaa, lakini utaondoka kwa miguu yako."

Fahali alipokata roho tulimburuta kwa kamba, hukuruhusu mkono umguse. Tulimfukia kwenye shimo lililopita kimo cha mtu, pamoja na kamba zenyewe, tukamwagia chokaa, na juu yake tukazungusha ua wa miiba. Wageni wakala wali wa nazi na papa. Bi Swafiya alisusa, kisha akaongeza sahani mara tatu. Hesabu hiyo sikuitia chumvi.

Mvua za mwaka huu ziling'oa ua wa lile shimo. Tulipofika kuutengeneza, tulimkuta Bi Swafiya ametutangulia, amebeba matawi ya miiba.

"Mbuzi wasipite hapa," alisema. "Madi alikataza."

Tunaokukumbuka ni mkeo Bi Khairiya, mwanao Rahima na mumewe Abdulkadir, mkwe mwenzio Bi Swafiya, nami nduguyo. Mola akurehemu. Sote tungali kwa miguu yetu, Madi, na maadamu tunatembea, hatutakusahau.